Kelele ya Gurudumu la Kushoto

Gurudumu lilitupita. Tulikuwa tunateremka kwenda daraja la Ndarugu, mume wangu kwenye usukani, mimi na dada yangu nyuma juu ya magunia ya kahawa, nikaona gurudumu linakimbia peke yake kando ya barabara. Lilikuwa limesimama wima, halina wasiwasi, kama mtu anayewahi soko la Thika. Dada yangu aliliona kabla yangu. Akanigusa goti, akasema huku anacheka, "Haiya, tazama, kuna mtu ameangusha gurudumu lake."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alikuwa bado anacheka gari liliposhuka upande wa kushoto, upande aliokaa yeye, likala lami kwa chuma, likageuka. Mimi nilitupwa kwenye mkonge. Yeye magunia yalimlalia. Nilipoinua kichwa nilimwona mume wangu anayavuta magunia yale kwa mikono miwili, moja baada ya jingine, analiita jina lake, na mimi nikitaka kuinuka nikaona mguu hauji.

Gurudumu lilipatikana chini karibu na maji. Lilikuwa zima kabisa. Hata upepo haukutoka.

Sasa nirudi nyuma, maana watu husimulia habari hii kuanzia pale mteremkoni, na ukiianzia pale ni lazima dereva awe mkosaji. Haikuanzia pale.

Mimi ni mtu wa kuchuma kahawa. Shule niliiacha mapema, nikijua kusoma Zaburi na kuandika kwa herufi kubwa, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu hapa hatayapata. Majina ya watu sitaandika. Lakini kazi ya mtu nitaiandika, na alichosema nitakiandika, na aliyeishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, za shamba lile la Ruiru miaka ile ya hamsini akisoma atajua ni nani.

Shamba lilikuwa na pikapu moja ya kazi, kuukuu, na mume wangu ndiye aliyeiendesha. Siku ya kupeleka kahawa kwenye kinu cha Thika ilikuwa siku kubwa kwetu wanawake. Hali ya Hatari ya serikali ya mkoloni ilikuwa imelegea kidogo, lakini mtu alikuwa bado hatoki shambani apendavyo, na soko la Thika ndilo lililokuwa na viazi vitamu vya bei ya watu, vitenge, na ndugu usiowaona mwaka mzima. Bwana wa shamba, Mzungu, alikuwa amekataza mtu yeyote kupanda juu ya mzigo. Lakini aliyesema nani atoke na nani abaki alikuwa nyapara, msimamizi wetu, na nyapara alitupandisha. Mwanamke aliyekuwa mzuri kwa nyapara, aliyemfulia, aliyempelekea kuku wake wa kwanza, huyo alipanda. Hatukupandia shambani. Tulitangulia kwa miguu mpaka kwenye mikaratusi, mahali nyumba ya Bwana haionekani, na gari likija linapunguza mwendo, tunapanda. Hivyo ndivyo ilivyofanywa. Kila mtu alijua isipokuwa Bwana.

Kelele nilianza kuisikia majira ya mvua za vuli. Ilikuwa chini ya kelele nyingine zote za gari lile, na gari lile lilikuwa na kelele nyingi: mlango, bodi, mnyororo wa nyuma. Hii ilikuwa ya kusaga. Dada yangu ndiye aliyeipa jina. Alisema ni kama mtu anayesaga kwa jiwe ambalo halina nafaka.

Tulipofika kinuni nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, gari lako linasaga."

"Linasaga nini?"

"Sijui. Linasaga tu."

"Gari lote hili ni kelele, mama watoto. Likinyamaza ndipo nitakapoogopa."

Dada yangu akashuka, anajipangusa vumbi. "Shemeji, wewe huko mbele umekaa na injini, huwezi kusikia kitu. Sisi huku ndio tuliolala na mgonjwa."

Mume wangu hakuwa mtu wa kudharau maneno. Alizunguka magurudumu yote akiyapiga teke. Halafu akachukua bisibisi, akabandua kile kifuniko cha bati kinachofunika katikati ya gurudumu la mbele, na ndani yake kukaanguka kijiwe, vumbi jekundu, na buni moja iliyokauka. Alikiinua kijiwe juu, tukione.

"Hiki hapa. Ndicho kinachozunguka humo."

"Hongera," dada yangu akasema. "Umezaa jiwe."

Wachukuzi wa kinuni walicheka, na yeye akacheka. Tukarudi Ruiru gari likiwa tupu, na njia nzima hakukuwa na kelele. Tukaamini kijiwe.

Safari iliyofuata, tulipopita Juja tu, likaanza tena. Likasaga mpaka kinuni. Tulipoteremsha mzigo, kurudi, kimya. Ndipo mume wangu akaanza kufikiri kwa sauti, maana ndiyo tabia yake ilivyokuwa, aliongea na gari kama watu wanavyoongea na ng'ombe. "Kwa hiyo wewe hulii ukiwa na njaa. Unalia ukishiba."

Safari iliyofuata, kuitafuta kelele ikawa kazi yetu sisi watatu. Akikanyaga breki, nagonga kioo cha nyuma ikiwa kelele imebadilika. Haikubadilika, kwa hiyo si breki. Akikata kona ya kushoto, inapungua. Akikata kona ya kulia, inapanda mpaka dada yangu anasema inamtoka kwenye meno. Mume wangu akatueleza kwamba ukikata kulia, mzigo wote unaegemea kushoto, kwa hiyo mgonjwa yuko kushoto, mbele. Kwenye kilima kimoja cha murramu, ile changarawe nyekundu, mahali gari linakwenda mwendo wa mtu, dada yangu alishuka akatembea kando ya gurudumu lile, ameinama, sikio mbele, mkono mmoja kiunoni.

"Mkunga, vipi huko?" mume wangu akamwita kutoka dirishani.

"Anasukuma! Endelea polepole!"

Mtu mmoja wa baiskeli alisimama akatutazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Naandika mambo haya ya kucheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hatukujua tunacheza na nini. Lakini hatukupuuza. Hilo ndilo nataka lisomwe: hatukupuuza.

Jumapili mume wangu aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua upande wa kushoto kwa jeki. Alilishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likagonga, ko, ko. Gurudumu zima haligongi. Halafu akaushika mkono wangu akauweka juu ya springi, akalizungusha gurudumu polepole kwa mkono wake mwingine.

"Sikia kwa mkono," akaniambia.

Nilisikia. Kama paka anayekoroma, lakini paka mwenye mchanga kooni.

"Ni beringi," akasema. "Imekwisha."

Beringi ni ile pete ya chuma iliyo ndani, yenye vigurudumu vidogo vidogo, ndiyo inayobeba uzito wa gari gurudumu likizunguka. Ikifa kabisa, hakuna kinachoshika gurudumu. Mpya ingepatikana Thika, gereji yoyote, siku hiyohiyo. Lakini gari la shamba halikuingia gereji bila neno la Bwana, na neno halikumfikia Bwana bila kupitia kwa nyapara.

Jumatatu asubuhi mume wangu alimwendea nyapara. Mimi nilikuwepo, nilikuwa kwenye mstari nangoja kupimiwa kikapu changu, na wengine walikuwepo, wengine bado wako hai.

Nyapara alisikiliza akikuna shingo kwa kifimbo chake. "Sawa. Bwana atalijaribu mwenyewe. Lakini gari la kupelekwa kwa Bwana unalijua. Lioshwe, liwe tupu."

Hiyo ilikuwa sheria ya shamba lile. Kitu cha kuonyeshwa Bwana kilisafishwa kwanza. Ng'ombe mgonjwa alioshwa miguu. Mtoto wa laini akienda kutazamwa na mke wa Bwana, mama yake anamsugua mpaka rangi inarudi, hata daktari asingejua alikuwa anaumwa nini.

Mume wangu akasema, "Nyapara, likiwa tupu halilii. Magunia peke yake, linanong'ona. Wanawake wakiwa juu ya magunia, ndipo linapiga kelele. Ngoja tulipakie kama siku ya kinu, Bwana asikie."

Nyapara akashusha kifimbo. "Bwana akikuuliza umejuaje, utamwambiaje? Utamwambia wanawake walikuwa juu?"

"Nitamwambia mzigo."

"Atauliza mzigo gani. Halafu atauliza nani aliwapandisha." Akamsogelea. "Wewe unataka mimi nifukuzwe kwa ajili ya chuma?"

"Nyapara, hiki chuma kinabeba watu."

"Lioshe. Liwe tupu. Usimwambie habari ya mzigo."

Tukaliosha, mimi na dada yangu, kwa maji ya mtoni, tukalifuta mpaka pembe za bodi. Watu wamewahi kuniambia kwamba mimi nami nilishiriki. Nilishiriki nini? Niliamriwa kuosha nikaosha. Aliyejua kwa nini lioshwe ni mtu mmoja.

Bwana alitoka baada ya chai, soksi ndefu, kofia mkononi. Hakuwa mtu mkali. Aliingia kwenye pikapu, akaendesha mpaka lango, njia iliyonyooka, bapa kama meza, akageuza, akarudi. Gari lilikuja limenyamaza kama kanisa.

"Mimi hapana sikia kitu," akasema.

Mume wangu alijikaza. "Bwana, mpaka liwe na mzigo..."

Nyapara akaingilia kati hata kabla neno halijafika. "Bwana, huyu dereva anapenda sana gereji ya Thika. Huko iko marafiki yake."

Bwana akacheka. Akagonga paji la uso wake kwa kidole. "Dereva, kelele iko kwa kichwa yako. Weka grisi. Peleka kazi."

Wote waliokuwa pale walicheka, maana Bwana amecheka. Dada yangu peke yake ndiye aliyemtazama nyapara bila kucheka, na nyapara akamwona.

Basi mume wangu akafungua gurudumu aweke grisi, kama alivyoambiwa. Alipotoa beringi, vile vigurudumu vidogo vilikuwa vimelika kama kucha za mtu mwenye hofu, na grisi ya zamani ilikuwa inameta, imejaa unga wa chuma. Aliiweka beringi kwenye kiganja chake, grisi ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akatembea nayo hivyo mpaka kwa nyapara. Mimi nilimfuata.

"Tazama mwenyewe."

Nyapara alitazama. Nasema alitazama. Hata aliigusa kwa ncha ya kidole, akajipangusa kwenye suruali.

"Bwana amekwisha sema," akamjibu. "Wewe ni nani baada ya Bwana? Funga."

"Nikifunga, itavunjika."

"Basi lete ufunguo wa gari, kuna wengi wanaojua kuendesha. Na nyumba ya laini uiache wazi."

Tulikuwa na watoto. Akafunga. Aliijaza grisi mpya mpaka ikafurika, akakaza nati, akarudisha kifuniko. Na ile kelele ikaisha. Grisi nyingi huzima sauti, haitibu. Kwa wiki kadhaa tulikwenda Thika na kurudi bila kusikia kitu, na nyapara kila akitupandisha alikuwa akimwuliza mume wangu mbele za watu, "Dereva, kichwa kimepona?"

Mume wangu alianza kuendesha polepole hata malori ya mawe yalikuwa yanatupita. Kwenye kona za kulia alikuwa anashika usukani kama mtu aliyeshika bakuli la uji wa moto. Alinikataza nisipande tena. Lakini ile siku nyapara alikuwa amemwambia dada yangu kwamba ni zamu yetu, na mama yetu alikuwa anatungoja sokoni, hajatuona tangu mavuno ya mahindi. Tulipanda pale pale kwenye mikaratusi. Mume wangu alitutazama kwa dirisha, akataka kusema neno. Dada yangu akamtangulia. "Shemeji, mgonjwa amelala. Usimwamshe."

Kilichofuata nimekwisha kukiandika.

Polisi walikuja, kisha Bwana, na nyapara amekaa kando yake. Mimi nilikuwa bado nimelala kwenye nyasi, nyonga imevunjika, nasikia kila kitu. Bwana alimwambia askari kwamba gari alilijaribu yeye mwenyewe na halikuwa na kasoro. Kwa hilo hakudanganya. Alilijaribu tupu, akasikia kimya, akatosheka. Lake ni hilo, na si dogo: mtu alimwambia kuna hatari, na yeye akagonga paji la uso. Lakini nyapara aliulizwa, naye akasema, "Dereva huyu anakimbia sana. Na hawa wanawake hatujui waliingia wapi."

Hatujui waliingia wapi.

Mume wangu alieleza yote mahakamani, beringi, grisi, mzigo. Wakamwuliza nani shahidi. Alinitaja, lakini mimi nilikuwa bado niko kitandani hospitalini, na wale wa mstari wa kahawa wote walikuwa na nyumba za laini. Nyapara aliapa hakuwahi kuambiwa habari ya gurudumu isipokuwa mara ile gari lilipojaribiwa likaonekana zima. Wakamfunga mume wangu, wakachukua leseni yake. Alipotoka hakushika usukani tena. Alishika jembe mpaka mwisho wake.

Jela haikumvunja. Kilichomvunja ni kwetu. Baba yangu alisikia maneno ya mahakama kama watu wengine walivyoyasikia: mkwe wake alikimbiza gari akamwua binti yake. Mume wangu alikwenda kwa wazazi wangu na mbuzi, kama inavyotakiwa mtu akimwaga damu bila kukusudia, ili amwombe baba msamaha kwa kilichotokea. Baba hakumpokea mbuzi. Alimwambia kutoka ndani, mlango umefungwa, "Nikimpokea huyo mbuzi, wewe utakula tena hapa, na mimi siwezi kukutazama ukila." Mama yangu alikuwa analia nyuma ya jikoni. Tulirudi na mbuzi wetu kwa miguu, mimi nikichechemea, yeye akimvuta kamba, na njia nzima hakuongea nami wala na mbuzi.

Nilijaribu kuwaeleza ndugu zangu. Wananipenda, lakini waliniona kama mke anayemtetea mumewe. "Ungekuwa na mtu mwingine aliyesikia," kaka yangu mkubwa aliniambia. Yupo mtu mwingine aliyesikia. Alisikia, akaona, akagusa kwa kidole.

Mwaka jana tulimzika mume wangu. Ndugu zangu walikuja, kwa ajili yangu, lakini walisimama nje ya lango. Hawakuingia kwenye uwanja wake hata alipokuwa ndani ya sanduku. Na wewe uliingia. Wewe uliyekuwa nyapara, sasa ni mzee wa kanisa, una nyumba ya mawe upande wa Ngoingwa na watu wanakuinukia kiti. Uliketi mstari wa mbele. Ukaombwa utuombee, ukaomba, ukasema marehemu alikuwa mfanyakazi mwaminifu ambaye Mungu alimjaribu kwa ajali.

Mungu hakuwa kwenye shamba lile siku ya Jumatatu, akikuna shingo kwa kifimbo.

Bwana alikwenda kwao zamani, sijui kama yu hai, na hata nikimwandikia atasema kweli kwamba hakusikia kitu. Sina haja naye sana. Nina haja na wewe. Sitaki kitu chako. Nyumba yako kaa nayo, na kiti chako cha mbele. Kaka zangu wote wako hapa Thika, mama yetu bado anaona na anasikia, nyumba ya kwetu unaijua kwa sababu uliwahi kutuma watu kuomba kuku. Njoo pale mchana, watu wakiwa wameketi. Simama pale mlangoni ambapo mume wangu alisimama na mbuzi wake. Waambie ni nani alitupandisha kwenye mikaratusi. Waambie ni nani alisema gari liwe tupu, na kwa nini. Waambie ulichokishika kwa kidole kabla ya kusema "Funga."

Mimi nitakuwa nimeketi hapo ndani nakusikiliza. Njoo ujibu.